Samaki Asiye na Jicho

Sabina hakuwa na mkono wa kudarizi, na Mkuyuni nzima ilijua. Fundi alikuwa mumewe, Pius. Cherehani yake ilikaa barazani miaka kumi na moja, na kila alipomwona mkewe ameshika sindano alicheka mpaka machozi. Sasa Pius alikuwa mahabusu, mwezi wa tatu huo. Yeye na wenzake kumi na mmoja walikamatwa kwenye mkutano wa chama chao, na kila kesi ilipotajwa jibu lilikuwa lilelile: upelelezi haujakamilika. Baadaye hata kuwaona kukakatazwa. Chakula kilipokelewa getini, vyombo vikarudi vitupu, basi. Kama aliyekula ni Pius au ni mtu mwingine, Sabina hakujua, na kutojua huko ndiko kulikomtafuna.

Mabango yalikuwa marufuku. Bi Moza, jirani aliyedarizi mashuka ya maharusi wa nusu ya mji, na ambaye mwanawe Rahim alikuwa ndani na Pius, akauliza ni sheria gani inayokataza kufunika chakula. Akawakusanya wanawake wenzake wenye watu ndani kwenye mkeka wake, Wakristo kwa Waislamu, akawagawia nyuzi nyekundu. Kila mmoja adarizi kitambaa cha kufunikia chombo, na juu yake jina la mtu wake, kwa herufi za kusomeka ng'ambo ya barabara. Alasiri zile zilikuwa tamu, wala si uongo. Walikunywa chai ya tangawizi, wakataniana, wakasengenya walioshindwa kuja, na huzuni ikakaa pembeni ikingoja zamu yake.

Kila Jumanne walifuatana, vyombo kichwani, wakipita sokoni mpaka gerezani. Watu wakasoma majina. Kufika wiki ya pili, wauza dagaa wasio na ndugu yeyote ndani nao wakaanza kufunika mabeseni yao kwa majina yaleyale. Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Maige, akaja kuulizia mkusanyiko usio na kibali.

"Mwenyekiti," Bi Moza alimjibu bila kuinua macho kwenye sindano, "nzi wa mji huu unawajua. Tuache chakula wazi?"

Mzee Maige alimaliza chai aliyopewa, akaenda zake.

Aibu ya kundi ilikuwa kitambaa cha Sabina. Chini ya jina la Pius alidarizi sato, samaki ambaye mumewe alimpenda kuliko wote, lakini siku ya kwanza muda ulimwishia, na samaki akaenda gerezani hana jicho. Kila wiki alisema atamalizia. Bi Moza, ambaye hukagua kazi kwa kuigeuza nyuma kwanza, alitazama mikia ya nyuzi inavyoning'inia akasema hata paka asingemgusa samaki huyo.

Jumanne ya nne, Sabina alikuwa akikunja kitambaa kilichorudi, kitu kikamchoma kidole. Kilikuwa kipande cha mwiba wa samaki, chenye ncha kali kama sindano, kimenasa kwenye nguo. Akaikunjua. Sato alikuwa na jicho, la kijivu, la uzi mnene uliochomolewa kwenye blanketi.

Alikwenda kwa Bi Moza mbio, hata shikamoo akaisahau. Bibi akavaa miwani, akageuza kitambaa. Mishono ilikuwa midogo, imebanana, na hakukuwa na mkia hata mmoja. Ncha ya uzi ilifichwa chini ya mshono, kama Pius alivyoficha kwenye kila shati alilowahi kushona.

"Hii siyo kazi yako," Bi Moza alisema polepole. "Mumeo yupo, mwanangu. Anakula, na bado anakukosoa."

Sabina alicheka huku akilia, na kwa mara ya kwanza tangu Pius achukuliwe, alisikia njaa.

Wengine wakapekua vitambaa vyao. Havikuwa na kitu. Vilishonwa vikaisha, havikumwachia mtu pa kutia mkono. Bi Moza alikitazama chake, kizuri kuliko vyote, kisha akachukua mkasi na kuifumua herufi ya mwisho ya jina la mwanawe.

"Kama wao hawajakamilisha upelelezi," akasema, "na sisi hatukamilishi. Watu wetu fundi wanaye humo humo, atawafundisha kumalizia."

Jumanne iliyofuata vyombo kumi na viwili vilitoka Mkuyuni. Ndani ya kila kimoja mlikuwa na sato mzima na miba yake, na juu hapakuwa na kitambaa hata kimoja kilichokamilika.