Maua Mbele ya Rejeta

Tangu saa kumi na mbili asubuhi Venance alikuwa ameshalifuta gari mara tatu, na bado alilizunguka na kitambaa mkononi utadhani ndilo linaloolewa. Aliyekuwa anaolewa ni Flaviana, mdogo wake wa pekee, na misa ilikuwa saa tatu kamili kwenye parokia moja ya Kunduchi ambako padri hamsubiri mtu. Baba yao alifariki miaka miwili nyuma. Kwa hiyo siku ile Venance alikuwa na kazi mbili: kumwendesha bibi harusi kutoka nyumbani Goba, na kumshika mkono kumwingiza kanisani mahali pa baba. Flaviana alimwomba hiyo ya pili tu. Ya kwanza aliing'ang'ania mwenyewe.

Sasa, lile gari. Lilikuwa Subaru yenye turbo, ile feni ya kuisukumia injini hewa ipate nguvu, na turbo iliyokuja nayo haikumtosha mwenyewe. Alilipeleka Temeke kwa fundi Mwinjuma, akafungiwa turbo kubwa zaidi, presha ikaongezwa, na eksozi ikabadilishwa mpaka mtaa mzima ukawa unajua Venance karudi kabla hajakata kona. Mwinjuma, Mzaramo asiyependa kurudia maneno, alimwambia wazi kwamba ukiongeza nguvu umeongeza na joto. Akamfungia rejeta ndogo ya kupozea oili nyuma ya grili, ule wavu wa mbele wa kupitisha upepo, na saa ya joto la oili juu ya dashibodi.

"Sindano ikipita mia na thelathini, toa mguu," alimwambia. "Na ukifika uendako usizime papo hapo. Iache iungurume dakika tatu, oili ipoe. Ukizima ya moto, oili inaungulia humo ndani, na turbo ndo kwaheri."

Venance, ambaye hata Salamu Maria huwa inampotea katikati, maneno hayo aliyashika yote.

Jambo ambalo Mwinjuma hakulisema, kwa sababu hakuna fundi ambaye lingemjia kichwani, ni kwamba rejeta haivishwi maua. Jioni iliyotangulia mama yao, Adelina, alikaa kwenye kigoda mbele ya gari na goti lake bovu, akafunga mawaridi ya plastiki na neti nyeupe kwa waya, grili yote, kona hadi kona. Venance alisifia, akapiga na picha.

Waliondoka saa mbili. Mbele kulikuwa na kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, kilichobeba wapiga matarumbeta, nyuma yake Subaru, Venance kwenye usukani na Mama na bibi harusi kiti cha nyuma, halafu msururu wa ndugu wenye taa za kuwakawaka na honi. Msafara wa harusi haukimbii. Kirikuu kilipanda vilima vya Goba kwa mwendo wa mtu anayesindikiza mgeni, na kila penye watu kilisimama kidogo ili shangazi washuke wacheze.

Sindano ilisoma mia na tano. Kilima kilichofuata, mia na kumi na nane. Venance aliacha kutazama barabara.

"Kaka, kirikuu hicho," Flaviana alisema, na Venance akafunga breki.

Mia na ishirini na sita. Alizima kiyoyozi. Kisha akafungua hita ya gari mpaka mwisho, maana ilisemwa kijiweni kwamba hita huipunguzia injini joto. Ndani ya dakika moja bibi harusi alikuwa anapuliziwa hewa ya tanuru, na Flaviana, aliyeketi saa mbili nzima kupambwa uso, akaanza kujigusagusa kidevuni na tishu.

"Tutafika?" aliuliza.

"Tutafika, Flavi. Vumilia."

Akampigia Mwinjuma simu. Mwinjuma alisikiliza, akauliza swali moja: "Mbele hapo kuna kitu kimeziba upepo?"

Venance alisimamisha gari katikati ya msafara, akashuka na koleo. Alikata waya, akang'oa neti, akang'oa mawaridi, na hakuwa na subira ya kuyaweka kwenye buti. Aliyatupa mtaroni mbele ya shangazi zake, waliokuwa bado na mikono juu. Aliporudi ndani, Mama alikuwa anatazama dirishani.

Saa tatu kasoro robo. Venance alipiga honi, akalipita kirikuu, akakanyaga mafuta. Lo, gari liliondoka! Hapo ndipo alipopata raha yake ya kwanza tangu asubuhi, na hapo hapo ikamtumbukia nyongo, kwa sababu mlima wa Wazo ulikuwa bado na turbo ilikuwa inavuta kwa nguvu zake zote. Waliingia uwanja wa kanisa saa tatu kasoro dakika nne, sindano ikiwa mia na thelathini na sita.

Katekista Cyprian alikuwa amesimama mlangoni. "Zima hiyo gari, ndugu. Padri keshavaa."

"Dakika tatu tu, mzee wangu."

"Kwa kelele hizo? Zima, au itoe hapa mlangoni."

Flaviana alikuwa ameshashuka. Alisimama na maua yake mkono mmoja, na mkono wa pili ameuachanisha kidogo na mwili, pale pa mtu kupitisha wa kwake. Jasho lilikuwa limemchora mstari shavuni.

"Kaka, zima tu," alisema.

"Naipeleka nyuma ya ukumbi, narudi sasa hivi. Dakika tatu, Flavi. Nisubiri hapo hapo."

Nyuma ya ukumbi wa parokia hapakuwa na mtu. Mia na thelathini na moja. Alishuka, akazunguka gari, akapanda tena. Mia na ishirini na nane. Kengele ililia, na Venance akaushika ufunguo, akauacha. Wataanzaje bila mie, alijiambia. Kinanda kikaanza. Mia na ishirini na mbili. Bado mkono haukugeuka. Ilipofika mia na kumi alizima, akatoka mbio.

Watu wote walikuwa wamesimama. Katikati ya kanisa, mbali sana na mlango, Flaviana alikuwa anatembea, na aliyemshika mkono ni Mama, anauburuta mguu wake hatua kwa hatua. Venance alibaki mlangoni, penye maji ya baraka. Alitamani ile turbo ipasuke vipande huko ilikokuwa.

Baada ya misa, kati ya vigelegele na picha, Flaviana alimjia.

"Imepoa?"

"Imepoa."

"Afadhali," alisema, wala hakuwa anamkejeli. Akamfuta alama ya grisi shavuni, akaitwa kwenye picha na mumewe.

Venance alikwenda kuchuchumaa mbele ya Mama, aliyekuwa ameketi kwenye benchi la nje akijikanda goti.

"Mama, nilikuwa nakuja. Mngenisubiri kidogo."

Mama aliendelea kukanda goti.

"Tangu juzi Flavi alishaniambia nivae viatu vya chini," alisema. "Kasema, kaka akikwama na gari lake, utaniingiza wewe."