Nakala Tatu

Miaka sita iliyopita tuliingia ukumbini kwa meneja wa kiwanda, wajumbe kumi na wawili wa wafanyakazi, tukakataa wafumaji kupunguzwa. Kesho yake muhtasari wa kikao ukasema tumekubali. Sijasahau, wala sina mpango wa kusahau.

Safari hii wamefukuza watu mia mbili, nami nikadai kikao kirushwe mubashara, wenyewe wakione kwenye simu zao pale nje ya geti. Meneja alikubali huku akicheka. Alijua hatuna fundi wa video. Kurusha video nilijifundisha jikoni kwangu, wiki tano, kwa kompyuta ya kuazima.

Saa nne tukaanza. Dakika ya saba meneja akafungua mdomo kwenye kioo cha kompyuta, mdomo ukabaki wazi. Ujumbe ukamiminika kutoka getini: "Mbona kaganda?" "Tunaangalia picha ya kitambulisho?"

Meneja naye alikuwa akitufuatilia kwenye simu yake. Nilimwona akitabasamu picha ilipoganda. Hapo hapo akatamka, taratibu, kwamba wote watarudishwa kazini tarehe mosi. Ahadi tamu, na nje haikufika hata silabi moja. Karani wake akainua kalamu, sikuona akiandika.

"Wamebana mtandao," nikamnong'oneza shemeji. Ni mke wa kaka yangu, fundi simu, ndiye aliyeshika kamera. "Kawaida yao. Mwaka ule walizima umeme..."

"Shemeji, mwaka ule uache nje." Akapima. "Mtandao unatosha mara tatu. Shika hapa."

Nikagusa ubavu wa kompyuta. Moto kama pasi.

"Prosesa, ubongo wa kompyuta, imefika asilimia tisini na tisa. Kazi yake ni kuibana picha iwe ndogo, ndipo isafiri. Umeipa kazi ngapi?"

Nikajifanya nanyoosha waya.

"Shemeji."

"Nne. Moja ya kurusha, tatu za kuhifadhi nakala. Wakiiba moja, zibaki mbili."

"Na kila moja inabanwa upya, peke yake?"

"Kwa ubora wa juu kabisa."

"Umembebesha punda mmoja mizigo minne, halafu unaitukana barabara. Zima tatu."

"Nibaki bila ushahidi?"

"Ushahidi uko getini, una miguu mia nne. Au ulitaka kujaza kabati?"

Mkono ulikuwa mzito, nisiseme uongo. Nikazima ya kwanza. Ya pili. Ya tatu niliikodolea macho mpaka shemeji akanikanyaga mguu. Nikazima. Prosesa ikashuka hadi hamsini, feni ikatulia, meneja kwenye kioo akapepesa macho.

Nikasimama. "Mwenyekiti, meneja alipokuwa akisema, picha iliganda. Naomba arudie."

"Karani ameshaandika," meneja akasema.

"Basi asome."

Karani akaangalia daftari lake, kisha akamwangalia bosi wake. Hakusoma.

"Rudia tu, meneja," mwenyekiti wa kikao akasema. "Ni sentensi moja."

Meneja akachungulia simu yake, mpaka akajiona anachungulia. Akakohoa. "Nilisema... watarudishwa."

"Wote?"

"Wote."

"Lini?"

"Tarehe mosi." Alilitoa neno hilo kama mtu anayeng'olewa jino.

Picha yetu hufika nje ikiwa imechelewa kidogo, kwa hiyo nikahesabu kichwani, moja, mbili, tatu. Nilipofika nane, geti likalipuka kwa vifijo.