Kichwa Kibaki, Mikono Ije

Rumduol aliangukia cherehani kifudifudi huku sindano ikiendelea kupanda na kushuka. Chenda, aliyeketi mkabala naye, ndiye aliyewahi kuuondoa mguu wa mwenzake kwenye pedali. Feni za ukumbi wa kiwanda cha mashati zilikuwa zimezimwa tangu asubuhi kwa sababu zilipeperusha vitambaa, na huo ulikuwa mwezi wa Aprili, wenye joto ambalo hata mbwa wa Phnom Penh hulala mitaroni.

"Rumduol. We Rumduol, amka."

Alipouona weupe wa macho ya mwenzake, Chenda alihisi vidole vikimfa ganzi. Ganzi ikapanda hadi viwikoni. Kifua kikambana kana kwamba mtu amemkalia. Alitaka kusema "maji", lakini midomo ilikuwa imekakamaa; akaliona bati la paa likizunguka, kisha hakuona kitu. Mwanamke wa laini ya nyuma ya cherehani akainuka kutazama, naye akaenda chini. Akafuata aliyemkimbilia. Mpaka walinzi wanafungua milango, nusu ya ukumbi ilikuwa sakafuni, wengine wakilia, wengine kimya na mikono imekunjamana kama makucha ya kuku.

Zahanati ya kiwanda ilikuwa na vitanda viwili. Waliobaki walilazwa chini, juu ya maboksi ya kufungia mashati. Chenda alipopata nguvu alimgeuza Rumduol, akampaka mafuta ya mnanaa mgongoni na kumkwangua kwa sarafu, ubavu kwa ubavu, mpaka mistari myekundu ikajitokeza. Ndivyo upepo mbaya unavyotolewa mwilini. Mama yake Chenda alikuwa akimtibu hivyohivyo.

"Dada Chenda," Rumduol alinong'ona, "mimi nimelala lakini moyo wangu unakimbia."

"Uache ukimbie. Utachoka wenyewe."

Juma lililofuata kiwanda kilimleta daktari wa saikolojia kutoka mjini. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya kubembeleza mtoto. Zamu ya Chenda ilipofika, Bunleng, msimamizi wa laini, alikaa kiti cha kando akichezea simu, masikio yakiwa wazi.

"Damu yenu tumeipima, dada," daktari alisema. "Hewa nayo imepimwa. Hakuna sumu. Lakini hofu huambukiza kwa macho. Mmoja akianguka, mwili wa anayemtazama nao huanguka. Sisemi mliigiza. Mliumwa kweli. Ila ugonjwa ulianzia akilini."

"Akilini," Chenda alirudia.

"Ndiyo. Sasa, nani alianza?"

Bunleng aliinua kichwa.

"Zilianza feni," Chenda alisema.

Daktari alitabasamu, kisha tabasamu likamwisha. Akamuuliza anakula nini asubuhi. Wali wa jana na chumvi, ukibaki. Usingizi je? Inategemea oda, na mwezi huu oda ni kubwa. Kuna kitu kinachomtisha? Chenda alivitazama viatu vya Bunleng.

"Jana niliota nashona," alisema. "Nilipozinduka, mguu ulikuwa unakanyaga godoro. Siku ile, kabla hajaanguka, Rumduol aliomba kwenda chooni, akaambiwa asubiri zamu. Akasubiri mpaka akajikojolea, watu wakacheka. Na mimi nilicheka, daktari. Unasema ni akili yangu iliyoniangusha. Mimi nilidhani ilikuwa inashona."

Daktari aliacha kuandika.

"Nitashauri wawape mapumziko ya asubuhi, na uji," alisema, bila kumtazama Bunleng. "Feni ziwashwe. Halafu msikae mkitazamana."

"Hilo la mwisho ni rahisi," Bunleng alisema.

Jumatatu walikuta plaiwudi. Kila cherehani ilikuwa imezungushiwa mbao pande tatu, zikiachia mwanya chini na kupita kichwa cha mtu aliyeketi. Kati ya Chenda na Rumduol liliachwa tundu la kupitisha kola: Rumduol alizishona, Chenda akaziunga kwenye mashati. Feni zilining'inia juu, zimetulia. Bunleng alipita akizigonga mbao kwa kidole.

"Atakayesimama kumtazama mwenzake ndiye mwambukizaji. Mwambukizaji ataacha kitambulisho getini na asirudi. Hiyo ni sayansi, si mimi."

Rumduol hakupona. Katika chumba walichopanga pamoja aliketi ameegemea ukuta mpaka kunakucha, amejishika shingo akisikiliza mapigo yake. Chakula hakikumpita kooni. Akichana nywele, zilibaki kwenye kitana. Siku aliposhindwa kufunga vifungo vya blauzi yake mwenyewe, Chenda alitangulia kumsubiri Bunleng getini. Akaunganisha viganja mbele ya uso, akainama.

"Kaka Bunleng, mpe siku moja tu. Anaumwa."

"Ana homa?"

"Hana."

"Anatapika? Ana kidonda?"

"Ni ule ugonjwa aliousema daktari. Wa akili."

Bunleng alicheka, wala si kwa ubaya. Na yeye alikuwa amechoka. "Wa kichwa? Basi kichwa kibaki kitandani, mikono ije. Mimi nadaiwa mikono." Kisha akashusha sauti. "Mama, nikipeleka jina la mgonjwa mwingine huko juu, laini yote inafungwa. Una mtoto kijijini au huna?"

Chenda alirudi chumbani, akamfunga Rumduol vifungo. Walitembea taratibu, Rumduol akimwegemea begani, mpaka mbao za ukumbini zikawatenganisha.

Alasiri, kola ziliacha kupita tunduni. Cherehani ya upande wa pili ilinyamaza. Kitu kizito kikauegemea ubao, kikateleza, kikatua.

Chenda akagonga kwa kifundo cha kidole. "Rumduol."

Akagonga tena.

"Mdogo wangu, sema hata 'ee'."

Aliinuka. Alikuwa bado hajanyooka alipoona viatu vya Bunleng vikipita chini ya mbao, haraka, na jozi nyingine nyuma yake. Ganzi ilikuwa imeshafika viganjani. Akaketi. Akasikia pumzi za wanaume wanaoinua kitu, kisha visigino vikiburuta sakafu kuelekea mlango wa nyuma. Kote ukumbini cherehani zilinguruma bila kusita, kila moja ndani ya sanduku lake.

Baada ya muda ile ya upande wa pili ikawashwa. Kola ikasukumwa tunduni. Mshono wake ulilalia kushoto. Haukuwa mkono wa Rumduol. Chenda aliinama tunduni ili aulize, akaona tumbo la blauzi ya njano na mikono michanga ya mtu asiyemjua.

Akaiweka kola chini ya sindano. Kabla hajaimaliza, ikaja nyingine.