Bomba Lililokoroma

Mwaka ule wa sabini na sita nilikuwa mstaafu wa miezi minane, na uchovu wa miaka thelathini ya kuchonga barabara ndiyo kwanza ulikuwa unanifikia. Mtu akiwa kazini uchovu humwogopa. Akikabidhi koleo tu, unakuja siku moja na mizigo yake yote, unahamia. Wangu ulihamia magotini. Kila asubuhi nilitoka kwangu pale Rujewa, nikavuka mfereji wa mpunga, nikaenda kukaa uani kwa Joachim mpiga picha, kwa kuwa ndiye mtu pekee aliyenisikiliza bila kuniambia naongopa. Alijua naongopa. Aliona tu si lazima kulisema.

Joachim alikuwa Mhehe wa Iringa, mgane, mtu wa maneno machache na mashati yaliyopigwa pasi. Studio yake ilikuwa kijumba cha matofali ya udongo nyuma ya nyumba. Mbele palikuwa na chumba cha kupigia picha, na nyuma yake chumba cha giza, hatua tatu kwa nne, hakina dirisha. Umeme hatukuwa nao. Aliwasha chemli yenye kioo chekundu, akaziba nyufa za mlango kwa magunia, akasafisha picha humo. Sasa chemli inakula hewa, dawa zinatoa harufu kama ya siki, na bati juu linachoma. Akikaa nusu saa anatoka amelowa kama aliyevuka mto, anakaa juu ya tofali, anakohoa mpaka kuku wanahama ua.

Mganga wa misheni alimwambia aachane na chumba kile kabla chumba hakijaachana naye. Binti yake Leokadia, aliyekuwa akiishi Iringa mjini, akaandika barua: baba njoo, kitanda kipo. Joachim alinionyesha barua hiyo mwezi wa sita.

"Watu wakishapiga picha zao za mavuno, nafunga," akasema. "Nakwenda."

"Utafanya nini Iringa?"

"Nitakaa."

"Kukaa hata hapa unaweza."

"Hapa nakohoa, mnyalukolo, ndugu yangu."

Nilirudi nyumbani nikihesabu nani mwingine mjini angeweza kunivumilia, na hesabu ikaisha kabla sijafika mferejini.

Kilichonisaidia ni tumbaku. Nilipokuwa kijana, kabla ya barabara, nililisha kuni mabani ya kukaushia tumbaku kule Iringa. Shule sikwenda, lakini bani lilinifundisha jambo moja: hewa ikipata moto hupanda, na ikipanda inaiita nyingine nyuma yake ije kujaza nafasi. Moto ndani ya chumba cha Joachim usingefaa. Lakini juu ya paa la Rujewa kuna moto wa bure kuanzia saa tatu asubuhi, na hauli kuni.

Nikapanda lori la mchele mpaka Uyole, nikapata mabati mabovu nyuma ya gereji. Fundi bati wa Rujewa akanikunjia bomba pana kama ndoo, refu kama watu wawili waliobebana. Nililipaka masizi ya vyungu niliyochanganya na oili chafu, likawa jeusi kama dhamiri yangu. Tukalisimamisha juu ya paa la chumba cha giza, tukaliwekea kona mbili chini na kofia juu. Kisha nikachimba handaki dogo kutoka kivulini kwenye mgomba, likapita chini ya ukuta, nalo nikalipinda mara mbili.

"Kona zote hizi za nini?" akauliza Joachim.

"Mwanga haujui kukata kona. Hewa inajua."

Aliniangalia sana. "Hiyo ni kama ile ya simba uliyempa lifti mpaka Makambako?"

"Hii ni kweli."

"Na ile?"

"Ile ilikuwa mpaka Chimala tu."

Akaingia, akafunga mlango, akakaa gizani robo saa akitafuta mwanga. Hakuuona. Saa sita, jua likiwa limesimama juu ya bomba, nilishika unyoya wa kuku mdomoni mwa handaki. Ukanitoka vidoleni, ukaingia ndani wenyewe. Joachim aliuokota kule sakafuni, akatoka nao mkononi. Siku ile alifanya kazi saa nzima, na alipotoka alikohoa mara mbili tu, ya pili kwa mazoea.

Wiki moja tulikaa kwa amani. Tatizo likaletwa na bomba lenyewe, kwa sababu lilifanya kazi. Miaka yote harufu ya dawa ilikuwa imefungiwa ndani pamoja na Joachim. Sasa kila mchana ilipanda juu ya paa na kushukia majirani. Harufu ya uchachu. Nao wakitazama wanaona bomba, kona, handaki, na mlango uliofungwa mchana kweupe. Ungekuwa wewe ungesema nini? Walisema gongo.

Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa Nkuba, Msukuma mwenye ng'ombe wengi aliyehamia Usangu na zizi lake. Alikuja mchana mmoja na mgambo mmoja, Mika. Macho ya Nkuba yalikuwa mekundu. Fisi walikuwa wamelizoea zizi lake, na alikuwa amekesha siku nne.

"Mzee Saulo, fungua huo mlango."

"Haufunguki sasa. Joachim anasafisha picha."

"Nasikia mnapika."

"Tunavuta hewa. Jua linachoma bomba, bomba linavuta hewa kutoka chumbani."

Nkuba akamgeukia Mika. "Umesikia? Jua linavuta hewa." Akanirudia mimi, bila hasira, kama mtu aliyechoka hata kukasirika. "Mzee, mimi nimekuvumilia sana. Wewe ndiye uliyevuta lori kwa kamba ya mgomba pale Kitonga."

"Hilo niliongeza kidogo."

"Na leo?"

"Leo sijaongeza."

Ni jambo la kuchosha sana kusema kweli ukiwa huna sifa yake. Nilitafuta uso wa kuiwekea nikaukosa. Mika alikuwa ameshaweka mkono kwenye komeo, na ndani mle mlikuwa na boksi la mwisho la karatasi za picha, limefunguliwa. Boksi lile lilichukua miezi mitatu kufika kutoka Dar es Salaam. Mlango ukifunguliwa karatasi zote zinaungua kwa mwanga, picha za mavuno hakuna, na Joachim anapanda basi la kesho.

Sauti yake ikatoka ndani, ya utulivu. "Balozi, nipe dakika nifunike karatasi. Kisha uingie ukague. Ila ukishaingia nafunga, na hutoki mpaka nimalize. Ukiona gongo humo, niite mwizi."

Nkuba akafikiri. "Kuna kiti?"

"Kipo."

Akaingia. Mlango ukafungwa, nyufa zikazibwa kwa magunia. Mimi na Mika tukabaki uani, tukitazamana kama wakwe. Nusu saa ikapita. Ikawa saa nzima. Ndani kimya.

"Mzee," akasema Mika, "hizo dawa haziui?"

"Haziui."

"Kweli?"

"Mika, leo sina nguvu za kuongopa."

Ndipo tukasikia mngurumo. Haukutoka mlangoni. Ulitoka juu, kwenye paa, mzito, unapanda na kushuka, na kofia ya bati ikitetemeka. Hapa sitii chumvi, na najua nini maana ya mimi kusema hivyo. Mika alirudi nyuma hatua mbili.

"Bomba linakoroma," akasema.

"Si bomba. Ni balozi."

Joachim alifungua mlango baadaye, mikono imelowa, picha ishirini zikining'inia kwenye kamba nyuma yake. Nkuba alikuwa kitini chini ya bomba, miguu kwenye upepo wa handaki, kidevu kifuani. Tulimwita mara tatu. Alipoamka akavaa kofia yake, akatazama kila kona kwa cheo chote alichokuwa nacho.

"Nimekagua," akasema. "Gongo hakuna. Lakini ukaguzi haujakamilika. Kesho mchana nitarudi."

Alirudi kesho yake, na keshokutwa. Alikagua mpaka fisi walipohamia kwa mwingine.

Joachim hakufunga studio mavuno yalipoisha. Lakini mwezi wa kumi na mbili mawingu yakashuka kutoka milimani, na bomba lisilo na jua ni bati tu. Siku ya tatu ya mvua alikaa tena kwenye tofali lake, akakohoa kwa muda mrefu. Nilimbebea sanduku mpaka stendi. Alinipa ufunguo, hakuahidi kitu, na mimi sikumwomba. Mvua zote zile nilikaa kwangu nikisikiliza magoti yangu. Barua haikuja.

Mwezi wa tano jua liliporudi, nilichanganya masizi na oili, nikapanda ngazi. Rangi ya zamani ilikuwa imebabuka vibaya. Nilikuwa nimefika nusu niliposikia mtu anakohoa mlangoni pa ua, mara moja tu, ya vumbi la basi.

"Upande wa mashariki umeuruka," akasema Joachim, sanduku mkononi.

Sikushuka. Magoti hayakutaka. "Leokadia amekuruhusu?"

"Amekasirika. Nilimweleza kwamba nina bomba linalovutishwa hewa na jua, na limewahi kukoroma."

"Akasemaje?"

Aliweka sanduku chini, akavuta tofali lake, akakaa.

"Akasema nimekaa na wewe sana."