Sahihi ya Golikipa

Baba yangu, Ndaki Jilala, alikuwa golikipa wa mpira wa magongo. Ukisema hivyo hapa Bariadi, watu wanakuangalia usoni kwanza, halafu wanauliza kama unamaanisha rede, ule mchezo wa wasichana. Wakishaelewa, ndipo wanacheka. Walimcheka baba miaka arobaini. Walisema gongo pekee alilolijua ni la kuchungia ng'ombe, na kitu pekee alichowahi kukidaka ni mavi ya ng'ombe hao hao. Amekufa wakimwita Golikipa, na hawakuwa wanamsifu.

Mimi sina subira na watu wa namna hiyo, nasema mapema. Nimefundisha shule ya msingi miaka thelathini na nne, na mtoto aliyecheka asichokijua nilimsimamisha mbele ya wenzake mpaka aeleze kinachomchekesha. Watu wazima huwezi kuwasimamisha. Unawasalimia, unapita.

Ukweli ni huu. Baba alikuwa kibarua kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na vijana wa mwenye kiwanda walikuwa wakicheza magongo kila Jumapili nyuma ya maghala. Walikosa mtu wa kukaa golini, kwa sababu golini ndiko mpira unakong'oa meno. Wakamwita kibarua. Mwaka 1974 timu ya kanda ilipotakiwa kwenda kucheza Nairobi, golikipa wao akavunjika kidole siku mbili kabla ya safari, wakampakia baba. Orodha ilikuwa imeshachapwa. Jina la yule wa kidole likabaki humo, na limo mpaka leo.

Kitu alichopata baba ni kadi, basi. Kampuni moja ya majani ya chai ilitoa kadi za wachezaji, ndogo kama kitambulisho, inawekwa moja ndani ya kila pakiti. Kadi ya baba inaonyesha mtu kainama, kofia imemfunika macho, miguu imevimba kwa pedi. Chini pameandikwa "Golikipa" bila jina. Zilipotoka, wachezaji wote waliitwa Mwanza kula chakula, na kila mmoja akasaini yake kwa kalamu moja ya wino ya kocha. Baba akaandika juu ya pedi zake: N. Jilala.

Alipokufa, miaka tisa iliyopita, kadi ilikuwa ukutani sebuleni, inatazamana na dirisha. Miaka mitatu iliyopita niliona imeanza kupinda kwenye kona. Nikaichukua mpaka steshenari pale sokoni, wakaipitisha kwenye mashine ya moto, ikatoka imefungwa ndani ya plastiki, inang'aa. Nilirudi nayo nyumbani najiona mtoto wa maana kuliko wote.

Mwaka jana nikasikia kwamba wachezaji wastaafu wa Dar es Salaam wanaandaa maonyesho ya miaka hamsini ya timu ile, picha na majina ukutani. Niliandika barua. Niliandika tena. Ya nne ndiyo iliyojibiwa: watamtuma mtu aje kuikagua kadi, na ikithibitika, orodha itarekebishwa na jina la Ndaki Jilala litawekwa.

Mama yangu, Milembe, ana miaka themanini na tatu na moyo wake umechoka. Daktari ameshaniambia ya kuniambia. Yeye ndiye aliyekaa na kicheko kile kisimani, mashineni, kanisani. Baba alikuwa na siku zake za Nairobi za kukumbuka. Mama alikuwa na neno la baba tu, na hakulitilia shaka hata siku moja. Niliposoma ile barua aliniuliza jambo moja, huyo mtu atafika lini. Kila asubuhi baada ya mwangaluka, salamu yetu ya asubuhi, aliuliza hivyo hivyo. Nilitaka alisikie jina hilo likikubaliwa kabla hajafa. Sikutaka kingine.

Mkaguzi alifika Jumanne asubuhi. Anaitwa Danford, kijana mpole, amevaa shati la mikono mirefu kwenye joto lile. Mama alimsalimia, akamletea maji kwa mkono wake mwenyewe, halafu akatoka uani kubangua karanga ili asimsumbue. Danford akapanga mezani kadi saba za wachezaji wengine. Alinieleza vizuri, kama ninavyopenda kuelezwa. Wote walisaini siku moja, kwa kalamu moja, kwa hiyo wino ni mmoja. Chini ya kijitaa chake cha zambarau wino ule unakuwa mweusi tii. Sahihi ya baba ikifanya hivyo, basi alikuwepo mezani pale Mwanza, na hakuna wa kubisha.

Akaimulika. Akachukua lenzi, akaangalia herufi moja moja. Akaniuliza nani aliipitia sahihi hii kwa peni.

Nilimwambia hakuna. Akanipa lenzi. Niliona mwenyewe, kwa macho yangu haya: mistari ya peni ya kawaida, bluu, imerudiwa mara nyingi mpaka imechimba karatasi. Chini yake kuna kitu cha zamani, kinachungulia hapa na pale kama nyuzi. Danford alisema huenda ndio wino wa kalamu ile, lakini hauonekani ila vipande, na plastiki inazuia mwanga wake. Nikamwambia tuibandue plastiki. Alitikisa kichwa. Imeyeyukia kwenye karatasi, ukiivuta inatoka na picha.

Nilijua ni nani. Sikujiuliza mara mbili. Mdogo wangu Yakobo, anauza dawa za mifugo Mwanhuzi, aliichukua kadi baada ya msiba akakaa nayo mwezi mzima, eti anawaonyesha wanawe. Na Yakobo alipokuwa darasa la tano alisaini ripoti yake ya shule kwa jina la baba, akachapwa, wote tulikuwepo. Nilisimama pale pale mbele ya mgeni, nikampigia.

Nilimwambia aliiba sahihi ya baba akiwa mtoto, na sasa ameiua akiwa mtu mzima. Nilimwambia ndiye aliyewapa haki wote waliocheka. Alijaribu kusema, nikamkata. Nikamwambia maneno ambayo nilikuwa nayo tumboni siku nyingi, kwamba baba hakuwahi kumwamini na alikuwa na sababu.

"Dada, sijawahi kuigusa kwa kalamu," alisema.

"Mama akifa usikanyage hapa," nikamwambia. "Tutamzika wenyewe."

Akakata simu. Nilijisikia vizuri. Naona aibu kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa, nilijisikia nimetenda haki.

Danford alikuwa ameinamia karatasi zake, masikini, anajifanya hakusikia. Alijaza fomu. Akasema mwenye kadi anatakiwa kusaini kwamba imerudishwa mikononi mwake salama. Mwenye kadi ni mama. Nikamwita, na nikafungua kabati kutafuta kile kidau cha wino wa dole gumba.

Niseme hapa jambo linaloniuma. Mama hajui kusoma wala kuandika. Alipokuwa akiuza pamba aliweka dole. Kliniki, dole. Kadi ya kura, dole. Mimi mwalimu wa miaka thelathini na nne nilijaribu kumfundisha aandike Milembe likizo moja, akawa mzito, nikakasirika, tukaacha. Sikurudia tena.

Mama aliingia, akapangusa maganda ya karanga mikononi, akaketi. Nilimsogezea kidau. Akakisukuma pembeni kwa kiganja, akachukua peni ya Danford iliyokuwa mezani. Akainama, ulimi umetoka kidogo kwenye kona ya mdomo. Akaandika taratibu, bila kuinua mkono.

N. Jilala.

J yenye mkia uliopinda kushoto. L mbili zilizolalia upande mmoja. Danford aliiangalia fomu, akaiangalia kadi, akaniangalia mimi. Hakuhitaji lenzi.

Nilimuuliza mama nani alimfundisha. Akacheka, akaona haya, kama msichana aliyekutwa jikoni anaonja mboga. Alisema baba alipokufa aliona jua la dirishani linaila ile sahihi, kila mwezi inafifia, akaogopa itafika siku itakuwa nyeupe na watu watasema hakukuwa na kitu. Kwa hiyo kila mwaka, tarehe ya msiba, nikiwa shuleni, aliishusha kadi akaipitia kwa peni pole pole, mstari kwa mstari, kama baba alivyoandika. Ndivyo mkono wake ulivyojifunza. Hajui herufi ipi ni ipi. Anajua kwamba hilo ni jina la mume wake.

"Ulipoiweka kwenye plastiki nikashindwa," aliniambia. "Nilijaribu, wino haushiki. Nikasema basi, ng'wanone, mwanangu, ameshaifunga, haitafifia tena."

Danford alikusanya kadi zake saba. Pale mlangoni aliniambia kwa sauti ya chini kwamba yeye binafsi anaamini, ila hawezi kuandika kwamba ameona asichokiona. Nikamwambia namwelewa. Ningekuwa yeye ningeandika hivyo hivyo. Kwenye fomu, juu ya sahihi ile ya mama, ameandika kwa mwandiko mzuri kabisa: haikuthibitika.

Niliporudi ndani, mama alikuwa bado ameishika peni ya mgeni. Danford aliisahau, au alimwachia, sijui.

"Wameona ni yeye?" akauliza.

Mimi ambaye niliwachukia waongo maisha yangu yote nilimwambia, "Wameona, mayu. Ni yeye."

Aliinua mikono, akamshukuru Mungu kwa Kisukuma, maneno mengi, akilia. Alimtaja baba. Aliwataja waliocheka, mmoja mmoja, hata waliokwisha kufa. Halafu akapangusa macho kwa khanga, akasema nimpigie Yakobo aje leo leo, maana anataka kumwambia kwa mdomo wake, watoto wake wote wawili wakiwa wamekaa hapa.

Nimempigia mara tano, simu inaita mpaka inakatika. Mara ya sita ilikuwa imezimwa. Mama amebadilisha nguo, amekaa sebuleni chini ya ile kadi, na kila pikipiki ikipita barabarani ananiuliza kama ni yeye.