Taa Zinazowaka kwa Uchovu

Jenereta ilifichwa nyuma ya ukuta wa choo na kuzibwa kwa magodoro mawili, lakini fundi wa sauti wa filamu bado aliisikia. Alivua spika za masikioni akauliza: binti anamlilia baba yake huku mashine inakoroma, nani ataamini? Ikazimwa. Betri kubwa zilizoletwa badala yake zilikata moto katikati ya machozi.

Fundi wa taa alichomoa plagi ili aifute vumbi. Hakuwa amelala vizuri tangu waanze kupiga hiyo filamu, akabaki ameishika, anasinzia wima. Taa zote nne zikawaka.

"Usisogee hapo," mwongozaji akasema. "Haya binti, lia."

Jenereta ikarudishwa kwa wenyewe. Fundi wa taa aliwekewa kiti cha plastiki pembeni, plagi kiganjani, na kazi ikaenda bila kelele. Aligundua upesi kwamba taa zilikula uchovu wake bila kuupunguza. Siku moja mvua ilinyesha, akapata bahati ya kulala mchana kutwa. Kesho yake mwanga ukawa wa rangi ya chai.

"Wewe, umelala?" mwongozaji akamuuliza kwa uchungu.

"Kidogo tu, bosi."

"Si ungetuambia?"

Mapumziko aliyaomba kwa upole, akayaomba kwa ukali, akayaomba akiwa juu ya ngazi huku anayumba. Aliogopa kweli, maana mikono ilikuwa imeanza kusahau waya upi una moto. Akajibiwa avumilie, imebaki sehemu ya harusi tu, na harusi inataka mwanga.

Siku ya kupiga hiyo harusi mkewe alimletea simu aliyoisahau nyumbani. Alikuwa na kichanga mgongoni na dawa za mama mkwe mkononi.

"Nishikie hii, mama watoto, nijisaidie mara moja," fundi akasema, akampa plagi.

Zikawaka taa nne, zikafuata za akiba ndani ya gari, balbu za nyumba nzima, za jirani, na redio ya dukani iliyokufa zamani. Mpiga picha alifinya macho, akaiziba kamera kidogo ipunguze mwanga. Fundi wa sauti aliuliza tu kama mtoto atalia.

"Shemeji, huwa unalala saa ngapi?" mwongozaji akauliza.

"Nani, mimi?" Alicheka kidogo. "Acha utani."

Fundi alirudi, akasimama mlangoni, macho yakimuuma. Kila jioni alikuwa akimlalamikia mwanamke huyu kwamba yeye ndiye amechoka kuliko watu wote. Aliona aibu. Ilikuwa aibu ya kweli, na ilidumu mpaka mwongozaji alipomwambia kwamba sasa anaweza kupumzika.

Harusi ikapigwa salama. Mke alishukuru kwa kiti.

Jioni ile fundi alilala fofofo, viatu mguuni. Mkewe alimvua, akamfunika shuka, akampa mama mkwe dawa, akaloweka nguo, kisha akaketi kumnyonyesha mtoto. Mwongozaji alikuwa amemsihi asilale, maana kesho kuna sehemu za kurudia, na yeye alikuwa amemwambia asiwe na wasiwasi.