Vikapu Vitano vya Radka

Hivi wewe umewahi kuona mbwa akiandaliwa kikapu cha Pasaka? Kikapu kabisa, chenye utepe wa buluu, mfupa, mpira wa kutafuna, na kadi iliyoandikwa jina lake? Mimi nimekiona, tena kimetoka nyumbani kwangu, kikapangwa mstari mmoja na vikapu vya Wakristo. Kaa nikueleze taratibu, maana mimi sina haraka, na jambo lenyewe ukilirukaruka halieleweki.

Huku vijijini kwetu Zemplín kila nyumba ina kikapu kimoja. Alfajiri ya Jumapili ya Pasaka tunakibeba hadi kanisani, tunakiweka chini kwenye mstari unaozunguka kanisa, padri anapita akinyunyiza maji ya baraka, halafu kila mtu anakwapua chake na kukimbilia nyumbani. Atakayefika wa kwanza ndiye atakayemaliza kuvuna wa kwanza. Sisi siku hizi tunavuna viazi vya matuta manne tu, lakini kukimbia bado tunakimbia.

Kikapu changu alikisuka baba mkwe wangu kwa fito za mwerebi. Ndani naweka paska, yaani ule mkate mkubwa wa mviringo wenye msuko juu, wa viini kumi na viwili vya mayai. Naweka hemu, paja la nguruwe. Naweka soseji iliyokaa kwenye moshi tangu Februari. Mayai nayachemsha na maganda ya vitunguu mpaka yawe mekundu kama matofali. Kuna jibini ya mayai, ambayo unakoroga maziwa na mayai jikoni mpaka yakatike, ukayafunga kwenye kitambaa na kuyaning'iniza kwenye bomba la sinki yachuruzike usiku kucha. Kuna bitiruti iliyokunwa pamoja na mzizi mkali unaomtoa machozi hata mtu asiye na msiba. Kuna chumvi. Na kuna mwana-kondoo wa siagi, ambaye namchonga kwa kisu kidogo, macho yake pilipili manga mbili. Juu ya vyote natandika kitambaa nilichokidarizi nikiwa na miaka kumi na tisa.

Miaka arobaini na sita nimekipanga mimi, peke yangu. Mwaka huu nilitaka kitu kimoja tu: kikapu hicho kitoke mlangoni kwangu, na kisitoke kingine.

Basi kuna Radka, mke wa mwanangu Cyril. Wanaishi ghorofa ya juu, mimi niko chini, mwaka wa nane sasa. Sitasema ni mtu mbaya. Ni mtu wa simu. Mwaka jana alijaribu kumchonga mwana-kondoo wa siagi, akatoka kama panya aliyelowa mvua. Sikumwambia kitu, mimi si mgomvi. Nilimweka yule panya kwenye friji nyuma ya chupa ya matango, nikachonga wangu. Ikaisha hivyo, au nilidhani imeisha.

Wiki tatu kabla ya Pasaka tumekaa tunakula supu ya maharage, maana ni Kwaresima, Radka anasoma simu.

"Mama, sikiliza hii. 'Mawazo arobaini na mawili ya vikapu vya Pasaka, kwa watoto na kwa watu wazima.'"

"Arobaini na mawili? Mimi ninalo moja na halijachakaa."

"Kila mtu anakuwa na chake, Mama. Kuna kikapu cha mpenda kahawa. Kuna cha mwendesha baiskeli. Kuna cha mtu anayehitaji kupumzika."

"Anayehitaji kupumzika si alale?"

Cyril akainamia sahani yake kama mtu aliyedondosha kitu kwenye supu. Huyo mwanangu ukimuuliza nyumba inaungua au haiungui, atakwambia pande zote mbili zina hoja.

Vifurushi vikaanza kuletwa na gari la posta. Ijumaa Kuu vikapu vilikuwa tayari, vitano, vimepangwa kwenye ngazi, kila kimoja kimefungwa kwa nailoni inayong'aa. Nikavikagua kimoja kimoja, kwa heshima zote.

Cha mjukuu wangu Lívia, mwenye miaka saba, kilikuwa na sungura wa chokoleti, kamba ya kuruka, chupa ya kupulizia mapovu na soksi zenye masikio. Nikatafuta yai. Nikalipata. La plastiki. Nikalifungua, ndani kibanio cha nywele.

Cha Cyril kilikuwa na mafuta ya ndevu.

"Cyril hana ndevu," nikasema.

"Atafuga," Radka akajibu.

Kilikuwa pia na pombe ya plamu, kichupa kama cha dawa ya kikohozi, wakati chini ya nyumba tuna dumu la lita tano alilolitengeneza Cyril mwenyewe. Cha Radka kilikuwa na mshumaa wa kunukia na chai ya kupunguza tumbo. Chai ya kupunguza tumbo! Watu tumekaa siku arobaini tunaiota soseji, mwenzetu anajiandaa kuikimbia.

Changu mimi, nakiri nilikiangalia kwa muda mrefu kidogo. Kilikuwa na krimu ya uso iliyoandikwa "kwa ngozi iliyokomaa". Kulikuwa na sabuni ya umbo la yai, nikaonywa nisiile. Kulikuwa na kikombe chenye maandishi ya dhahabu, "Bibi Bora". Bora kuliko nani, hawakuandika.

Cha tano kilikuwa cha Bundáš, mbwa wetu.

Na vyote vitano vimejazwa nyasi za plastiki za kijani. Nyasi! Huko nje zimejaa mpaka kizingitini, zinaota bila kuombwa na mtu, na huyu amezinunua.

"Vinapendeza," nikasema. "Vikae hapo hapo kwenye ngazi."

"Tunavipeleka kubarikiwa, Mama."

"Vyote?"

"Vyote."

Jumamosi jioni, napanga kikapu changu mezani, Radka akashuka na sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine. Akasimama karibu nami, akatazama mkono wangu ukipanga mayai.

"Kimejaa, Mama?"

"Kimejaa."

"Hakuna hata kanafasi?"

"Radka, hapo hata punje ya chumvi ikiingia, nyingine inatoka."

Akapanda juu na sahani yake. Sikuuliza ina nini. Nilikuwa na kazi.

Saa kumi na moja alfajiri tuko kwenye uwanja wa kanisa. Baridi, pua zinachuruzika, matumbo yananguruma mstari mzima. Cyril akatoa vikapu kwenye buti la gari, kimoja, viwili, vitatu, nailoni inapiga kelele mpaka kwaya ndani ikageuka kutazama. Jirani yangu Irma alikuwa ameshaweka chake pembeni yangu.

"Verona, kulikoni? Mmefungua duka?"

"Usiniulize mimi, shoga. Mimi changu ni hiki hapa."

Irma akainama kusoma kadi, mkono kiunoni, maana nyonga yake mbovu.

"Bundáš. Huyu si yule aliyenirarulia sketi?"

"Ndiye huyo."

"Basi Padri akinyunyize mara mbili."

Padri Metod akatoka na brashi yake, ile pana kama ya kupakia chokaa. Ana mkono mwepesi, halowanishi kikapu peke yake, anakulowanisha na wewe. Alipofika kwetu akanyunyiza, na maji yakaanguka kwenye nailoni, ta-ta-ta-ta, kama mvua juu ya bati, yakateleza yote hadi chini. Hakuna tone lililoingia. Sungura kavu. Krimu kavu. Mfupa wa mbwa kavu.

"Padri," Irma akasema, na Irma hajui kunong'ona, "hivyo vimebarikiwa au vimeoshwa?"

Watu wakacheka. Mstari mzima, mpaka yule mama mjane wa upande wa pili ambaye hajacheka tangu mwaka juzi. Radka akawa mwekundu hadi masikioni, akawa anaikunjua na kuikunja glavu yake. Mimi sikucheka. Nilitabasamu tu, kwa ndani zaidi.

Padri alikuwa amesimama tangu saa tisa na ana njaa kama sisi. Akageuka, akasema kwa sauti, "Kilichowekwa hapa kimebarikiwa chote, mama. Na nailoni yake, na utepe wake." Akaendelea na safari.

Maneno yale nikayaweka, kama mtu anavyoweka kifungo cha koti kilichodondoka. Siku yake itafika. Ilifika baada ya saa mbili.

Kisha watu wakakwapua vikapu na kukimbia. Sisi je? Sisi tulikuwa na vikapu sita. Cyril akabeba vitatu, akadondosha kimoja, Lívia akarudi kumwokota sungura, sikio moja halipo, tukalitafuta hilo sikio. Tulipofika nyumbani, kijiji kizima kilikuwa kinatafuna. Irma, na nyonga yake ile, alikuwa ameshakaa dirishani, akanipungia kwa kipande cha soseji.

Tukakaa. Cyril akakata yai moja vipande vinne, akatugawia, kama baba yake alivyokuwa akifanya. Tukala vizuri. Ningeweza kuishia hapo na Pasaka ingekuwa njema.

Lakini Lívia akafungua kikapu chake, na nyasi za kijani zikatapakaa sakafuni mpaka kwenye siagi. Radka naye akaufungua ule mfupa, akamwita Bundáš.

"Hapana," nikasema. "Kilichobarikiwa hapewi mbwa."

Hilo kwetu kila mtoto analijua. Hata makombo ya paska hatuyafagii nje, wasije kuku wakayadonoa.

"Lakini Mama, ni mfupa wa mbwa!"

"Ungelikumbuka hilo kabla ya kuupeleka kwa Padri."

"Sasa nani ataula?" Lívia akauliza.

Sote tukamtazama Cyril.

"Mimi nimeshiba," akasema Cyril.

Radka akauweka mfupa juu ya kabati kwa kishindo. Akachukua mfuko, akaanza kukusanya nyasi, nailoni na tepe.

"Unavipeleka wapi?"

"Pipani, Mama. Ni takataka."

"Maganda ya mayai tunayafanya nini?"

"Tunayachoma. Kwa sababu yamebarikiwa."

"Na Padri alisema nini?"

"Mama, hii ni plastiki."

"Ni plastiki iliyobarikiwa."

Nilisoma shule ya msingi tu, lakini harufu ya plastiki inayoungua naijua, usinione mjinga. Nilijua ninachofanya. Nikachukua ule mfuko mkononi mwake, nikafungua mlango wa jiko la kuni, nikashindilia. Nyasi za vikapu vitano, nailoni, tepe, na lile yai lenye kibanio. Nikafunga, nikakunja mikono.

Kwanza jiko likafyonza, likapiga mluzi. Halafu likanyamaza. Halafu moshi mweusi ukarudi kwa kila tundu lililonalo, na matundu lilikuwa nayo mengi kuliko nilivyofahamu. Jikoni hatukuonana. Lívia akaanza kulia, Cyril akamkumbatia akatoka naye, nami nikapapasa mezani, nikashika nilichoshika, nikakimbia.

Nje, uani, nikafungua macho. Nimeshika kikombe. "Bibi Bora."

Kikapu changu kiko ndani. Paska, hemu, kitambaa changu cha ujana, vyote viko ndani, vinakaushwa kwa moshi wa plastiki.

"Radka yuko wapi?" Cyril akauliza.

Akatoka wakati huo huo, anakohoa mpaka amejikunja, uso mweusi, amekumbatia kikapu changu. Kitambaa kiko juu, amekibana kwa kidevu kisianguke. Vyake vitano hakugusa hata kimoja. Nyuma yake akatoka Bundáš, taratibu, na mfupa wake mdomoni, akaenda kulala chini ya benchi. Kwa hiyo jambo la mfupa likawa limeamuliwa.

Irma akatokea juu ya ua.

"Kristo amefufuka!" akaita. "Mnachoma nini, tairi?"

"Kweli amefufuka!" nikajibu, nikikohoa. "Tunachoma vikapu!"

"Enhee," akasema Irma, akasogeza kigoda chake aone vizuri.

Cyril akaingia kufungua madirisha. Radka akakiweka kikapu kwenye benchi. Akakinyoosha kitambaa, kona kwa kona, kama ninavyofanya mimi. Sijui alijifunza lini. Nikamtazama masizi yake puani, na kikombe changu mkononi, na kwa mara ya kwanza katika wiki tatu nzima sikuwa na la kumchokoza.

"Vikapu vitano, Radka," nikasema. "Mawazo arobaini na mawili. Ulikuwa unatafuta nini?"

Radka akafuta pua kwa mkono, masizi yakahamia shavuni.

"Sema basi. Irma anasubiri."

"Nasubiri," akasema Irma.

Radka akaninyooshea kidole, si kwa hasira, kama mtu anayeonyesha ghorofani, na kweli alikuwa anaonyesha ghorofani, dirisha lao lililo juu ya kichwa changu.

"Nilitaka mwana-kondoo wangu wa siagi aingie kwenye kikapu chako, Mama," akasema. "Yuko juu kwenye friji, kwenye sahani. Mwaka huu nimemwekea na masikio."